Mtia Moto Hatoki Mbali

Moto ni rafiki wa nyumba kabla ya kuwa adui yake. Kwa moto twapika, kwa moto twaota baridi ya Juni na Julai, kwa moto mhunzi hunyoosha jembe na mfinyanzi hukausha chungu. Kwa sababu hiyo mtu aliyeshika kiberiti hamshtui mtu yeyote. Mwenye panga usiku wa manane huulizwa aendako. Mwenye kiberiti mfukoni haulizwi neno. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mtu tunayetaka kumzungumza leo, yaani yule atiaye moto mali ya wenzake, si mara moja kwa hasira ya siku moja, bali mara ya pili, na ya tatu, na ya kumi, mpaka mji mzima unalala jicho moja wazi.

Tumechagua kusema habari hizi tukiwa na Shelui moyoni. Shelui, katika Wilaya ya Iramba, iko chini ya mlima wa Sekenke, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega. Ni mji wa watu wa kuja na kwenda: madereva wa malori, wafanya biashara, wakulima, wafugaji, na wachimbaji wadogo waliofuata dhahabu ambayo ilianza kuchimbwa Sekenke na Wajerumani mwaka 1909. Wazee wa Kinyiramba walijenga tembe, nyumba ya miti na udongo ambayo hata paa lake lilikuwa udongo, na moto uliingia humo kwa shida. Leo katika miji ya njiani kama huu twaona vibanda vya mbao na maturubai vimebanana ukuta kwa ukuta, magodoro yamepangwa mlangoni, na petroli ikiuzwa ndani ya chupa hatua chache kutoka jiko la mama lishe. Mahali kama hapo mkono mmoja wenye nia mbaya waweza kuwafukarisha watu mia kwa usiku mmoja.

Hatuandiki kwa sababu kuna jirani tunayemshuku. Twaandika kabla, kwa kuwa mji uliokwisha kuungua mara tatu hausikilizi tena hoja. Unatafuta mtu wa kumpiga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAJIBU MAWILI YA UONGO

Moto unaporudia mahali pamoja, watu wetu hutoa moja ya majibu mawili. La kwanza husema: huu si moto wa kawaida, ni uchawi au majini. La pili husema: huyu ni mwendawazimu. Majibu yote mawili ni mepesi, na yote mawili ni ya hatari.

Jibu la kwanza limekwisha kutugharimu damu. Kila mwananchi wa kanda hizi za Singida, Tabora na Shinyanga ajua habari za vikongwe waliouawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na mara nyingi wekundu huo ulitokana na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote. Ni kinyaa kilichoje kwamba mwanamke aliyeharibiwa macho na moto wa kuwapikia watoto wake aje kuuawa kwa kushukiwa moto wa jirani! Singida yenyewe ina somo lake la zamani. Katika miaka ya 1946 na 1947 watu kwa makumi waliuawa, na miili yao ikaonekana kana kwamba imeraruliwa na simba. Wengi walinong'ona habari za watu wageukao simba. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana mikono ya binadamu, na wapo waliofikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Hofu ya uchawi ilikuwa nguo ya kuwafunika wauaji. Vivyo hivyo mtia moto hufurahi mno asikiapo kijiji kikimtafuta jini.

Jibu la pili lina sura ya elimu, kwa hiyo ladanganya hata wasomi. Mwaka 1833 mganga wa Kifaransa aitwaye Marc aliandika juu ya wazimu wa kutia moto, na tangu hapo waganga wa akili wameuita ugonjwa huo piromania: mtu husukumwa na hamu asiyoweza kuizuia, moyo wake hukazana kabla ya kuwasha, kisha hupata raha na nafuu akiona ndimi za moto, pasipo kisasi, pasipo faida, pasipo shabaha nyingine. Ugonjwa huo upo. Lakini ni wachache mno walio nao. Mwaka 2005 waganga wa Ufini walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanaume 90 waliokuwa wametia moto zaidi ya mara moja. Walioonekana kuwa na ugonjwa huo halisi walikuwa 3 tu. Wengine tisa walikuwa na dalili zake, lakini walipowasha moto walikuwa wamelewa, na mlevi hawezi kuhesabiwa pamoja na mgonjwa wa namna hiyo.

Basi kama mtia moto si mchawi, na kwa kawaida si mwendawazimu, ni nani?

KISASI CHA MTU MDOGO

Mwaka 1994 wachunguzi wa Marekani walitoa taarifa ya watu 83 waliokuwa wametia moto mara kwa mara, na moto wao ukihesabiwa jumla ulizidi 2,600. Waliwauliza sababu. Iliyoongoza ilikuwa kisasi. Yapata watu wanne katika kila kumi walitajwa katika fungu hilo. Iliyofuata ilikuwa tamaa ya msisimko. Faida ya fedha na kuficha jinai nyingine zilikuwa nyuma sana.

Lakini kisasi hiki si kile cha mtu anayemwendea adui yake uso kwa uso. Mtia moto mara nyingi ni mtu anayejiona mdogo. Amefukuzwa kazi, amekataliwa uchumba, amedhulumiwa mpaka wa shamba, amechekwa mbele za watu, naye hana nguvu za mkono, wala ulimi wa kujibu, wala fedha za kufungua kesi. Moto humpa yote hayo kwa njiti moja. Haumtaki awe shujaa, haumtaki asimame karibu, na ukiisha kula wafuta nyayo zake. Kisha hutokea jambo la ajabu: kisasi kilichokuwa juu ya mtu mmoja huenea kikawa juu ya mji. Mara ya kwanza huchoma banda la yule aliyemkosea. Mara ya pili banda la yeyote. Mara ya tatu hakumbuki tena alikosewa nini. Ameonja kitu ambacho hajapata kukionja maishani mwake, nacho ni kuogopwa.

Tuchukue mfano wa Peter Dinsdale wa mji wa Hull, Uingereza. Alizaliwa mwaka 1960 akiwa na kilema cha mkono na kifafa, akalelewa katika nyumba za watoto wasio na wa kuwatunza, akawa kijana wa kudharauliwa mitaani. Desemba 1979 moto katika nyumba moja uliwaua ndugu watatu wavulana, na polisi walipowahoji vijana wa mtaa, Dinsdale akakiri. Akasema alikuwa akitia moto tangu utotoni. Mwaka 1981 alikiri mahakamani kusababisha vifo vya watu 26, akapelekwa kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili bila muda kuwekwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemdhania, kwa kuwa hakuna aliyemtazama.

Habari hiyo ina mkia ambao twaomba msomaji aushike vizuri. Baadaye mahakama ya rufani ilivifuta vifo 11 kati ya hivyo 26, kwa sababu haikuthibitika kwamba moto uliowaua watu hao ulikuwa wake. Yaani, hata mtu aliyekiri kwa kinywa chake alikuwa amebebeshwa, au amejibebesha, mizigo isiyokuwa yake. Ikiwa kungamo la namna hiyo lilihitaji kuchunguzwa upya na majaji, je, twaweza kuuamini ukelele wa "ndiye huyo!" usiku wa manane sokoni, na marungu yamekwisha kuinuliwa?

TAMAA YA KUONEKANA

Aina ya pili ni ya kale kuliko vitabu vyote vya waganga. Mwaka 356 kabla ya Kristo, katika mji wa Efeso, mtu aitwaye Herostrato aliliteketeza hekalu kubwa la Artemi, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu ya dunia. Hakuwa na ugomvi na mungu huyo wala na makuhani wake. Alitaka jina lake lisisahauliwe. Waefeso wakapiga marufuku jina lake lisitajwe. Na sisi leo, baada ya miaka zaidi ya 2,300, twalitaja. Kwa huzuni twakiri kwamba alipata alichokitaka.

Herostrato wa siku zetu hahitaji hekalu. Humtosha kuona watu wakikimbia na ndoo, kusikia honi ya gari la zimamoto, na kesho yake kusikia habari zake redioni bila jina lake. Wapo ambao huwasha moto kisha huwa wa kwanza kupiga kelele, wa kwanza kumwaga maji, na wa kwanza kupewa pongezi. Mwaka 1951 wataalamu Nolan Lewis na Helen Yarnell wa Marekani walitoa kitabu juu ya watia moto, na ndani yake waliwaeleza watu hao wanaotamani ushujaa.

Mfano uliotisha kuliko yote ni wa John Orr. Huyu alikuwa kapteni wa zimamoto katika mji wa Glendale, California, tena mchunguzi wa moto wa jinai, aliyewafundisha wenzake namna ya kuwatambua watia moto. Tarehe 10 Oktoba 1984 duka kubwa la vifaa lilishika moto huko South Pasadena. Wakafa watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka miwili. Kwa miaka mingi moto mwingine ulizuka katika miji ya karibu, na mara nyingine katika miji ambayo wachunguzi wa moto walikuwa wamekutania au kupitia. Alama ya kidole juu ya kipande cha karatasi kilichonusurika katika moto mmojawapo ndiyo iliyomwumbua mwishowe. Alitiwa hatiani mwaka 1992, na mwaka 1998 akapatikana na hatia ya vifo vya South Pasadena, akafungwa maisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatusemi hayo ili kila anayekimbia na ndoo ashukiwe. Taifa ambalo watu wake wanaogopa kusaidia limekwisha kuungua tayari. Twasema tu kwamba sifa na cheo si ushahidi wa usafi, na mchunguzi wa kweli hamruki mtu kwa sababu ya sare yake.

MOTO WA KUFICHA NA MOTO WA FAIDA

Ziko sababu mbili zisizohitaji elimu ya akili kuzifahamu. Moja ni faida: mwenye duka ambaye biashara imemshinda na bima bado iko hai, mwenye tamaa ya kiwanja ambacho wapangaji wake hawataki kuhama. Nyingine ni kuficha: mwizi aliyekwisha kuvunja na kuiba, sasa ataka ghala liungue ili upungufu usionekane, mtunza vitabu ambaye anajua kwamba wakaguzi wanakuja. Moto ukizuka katika ofisi ya ushirika juma lile lile ambalo hesabu zilikuwa zifunguliwe, mwanachama ana haki ya kuuliza maswali, tena ana wajibu. Ushirika ni jasho la mkulima wa alizeti na pamba. Majivu ya daftari si risiti.

Mtu wa namna hii hutofautiana na wengine kwa jambo moja: akiisha kupata alichotaka huacha. Hurudia tu kama ya kwanza ilifaulu bila kuulizwa. Kwa hiyo kila moto wa faida tunaoufumbia macho ni mafunzo ya bure kwa moto wa pili.

WATOTO WALIOFUNDISHWA NA MOSHI

Sasa tuje kwenye moto ulio karibu nasi zaidi na unaouma zaidi. Katika nchi ya jirani zetu Kenya, kwa miaka mingi, mabweni ya shule za sekondari yametiwa moto na wanafunzi wenyewe. Machi 1998 wasichana 26 walikufa katika shule ya Bombolulu, karibu na pwani. Mwaka 1999 huko Nyeri viranja wanne walifungiwa chumbani wakatiwa moto. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos; petroli ilikuwa imemwagwa, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zilipata moto katika muda wa miezi michache. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika shule ya Moi Girls, Nairobi, na baadaye mwanafunzi mmoja alitiwa hatiani kwa vifo hivyo.

Je, watoto hao wote walikuwa wendawazimu? Hata kidogo. Tume na wachunguzi waliowasikiliza walikuta malalamiko ambayo kila mzazi anayajua: chakula kibovu, viboko vya kupita kiasi, mabweni yaliyosongamana, ada zilizoliwa, mitihani iliyofutwa. Kyanguli palikuwa na uchungu wa matokeo ya mitihani yaliyobatilishwa. Mwaka 2016 yalitajwa mabadiliko ya kalenda ya masomo na ukali mpya juu ya wizi wa mitihani. Mtaalamu Elizabeth Cooper, ambaye ameandika kitabu kizima juu ya moto wa shule za Kenya, aeleza kwamba wanafunzi wamejifunza kuwa moto ndio lugha ambayo wakubwa huijibu. Waliandika barua, haikujibiwa. Walituma wajumbe, wakaadhibiwa. Shule ya jirani ikaungua, na kesho yake mkuu wa wilaya akafika, wazazi wakaitwa, shule ikafungwa, na watoto wakaenda nyumbani. Mtoto mwerevu ataona nini hapo?

Hatuwatetei. Wavulana 67 wa Kyanguli hawakuwapika wenzao chakula kibovu wala hawakufuta mitihani yao. Moto hauchagui mwenye hatia, humkuta aliyelala. Lakini kuhukumu ni kazi moja na kuelewa ni kazi nyingine, na kiongozi asiyeweza kuzifanya zote mbili atazika watoto kila mwaka.

Wala moto haufundishwi na shule peke yake. Mkono wa dola nao umewahi kuushika. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru yapata 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na nyumba zao zikatiwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akayapeleka malalamiko hayo mpaka Umoja wa Mataifa. Na tusiwe watu wa kuhesabu dhambi za mkoloni pekee. Wakati wa kuhamia vijijini, katika miaka ya 1970, palikuwa na mahali ambapo wasimamizi waliokosa subira walichoma nyumba za wananchi ili wasirudi walikotoka. Kijana aliyemwona mwenye madaraka akimaliza ubishi kwa kiberiti amekwisha kuhitimu somo. Chama kinachotaka wananchi wasitumie moto ni lazima kiwe cha kwanza kuuchukia mkononi mwake mwenyewe.

Tena kuna moto wa chuki ya kundi kwa kundi. Katika Mkoa wa Kagera, kati ya mwaka 2013 na 2015, makanisa kadhaa yalitiwa moto, moja baada ya jingine. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lililojaa wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, lilichomwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Mtia moto wa aina hii hujidanganya kwamba ana jeshi nyuma yake. Dawa yake ya kwanza ni jirani wa dini nyingine na wa kabila jingine kufika asubuhi na jembe na ndoo kusaidia kujenga upya, ili mtia moto aone kwamba jeshi lake ni kivuli.

MWANZO WAKE HUWA MDOGO

Mtia moto mkubwa hazaliwi usiku mmoja. Nchini Marekani, katika miaka ya 1990, karibu nusu ya waliokamatwa kwa kosa hili walikuwa chini ya umri wa miaka 18. Wengi wa watoto huchezea moto kwa udadisi tu, wakikemewa na kufundishwa huacha. Wa kutazamwa ni yule anayewasha peke yake na kwa siri, anayerudia baada ya kuonywa, anayewatesa wanyama, anayekaa akitazama moto wa jalala mpaka unazimika wakati wenzake wamekwisha kwenda kucheza. Mara nyingi nyuma ya mtoto huyo pana nyumba yenye kipigo, au ulevi, au upweke. Kiboko juu ya kiboko hakimponyi. Humfundisha kujificha tu.

Kwa mtu mzima, pombe hufungua mlango ambao uchungu umekuwa ukiugonga. Mchimbaji aliyefanya kazi shimoni miezi mitatu, kisha akanyimwa mgawo wake, akapita kilabuni kabla ya kurudi kambini, yuko katika hatari kubwa: si kwa kuwa ni mtu mbaya, bali kwa kuwa ana kidonda, hana mwamuzi, na ameutia kileo juu ya kidonda. Angekuwa na mahali pa kusikilizwa saa kumi jioni, pengine asingefika kwenye kiberiti saa nane usiku.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kila moto uchunguzwe kabla ya kupewa jina. Si kila moto umetiwa. Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa katika shule ya Shauritanga, Rombo, na Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika shule ya Idodi, Iringa. Katika misiba yote miwili ulitajwa mshumaa, si adui. Mwenye haraka ya kutafuta mhalifu husahau kuuliza kwa nini dirisha lilikuwa na nondo na kwa nini mlango ulikuwa mmoja. Mlango wa pili huokoa watu katika moto wa mshumaa na katika moto wa mhalifu sawasawa.

Pili, balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kitongoji waandike. Tarehe, saa, mahali, aliyeona kwanza, kilichoungua, na kama palikuwa na ugomvi. Mtia moto wa kurudia mara nyingi hutenda karibu na anapokaa na katika saa alizozizoea. Asichokiona mtu mmoja kwa moto mmoja huonekana wazi katika ukurasa wa moto mitano. Majivu yasifagiliwe wala kukanyagwa kabla ya polisi na zimamoto kufika. Simu ya zimamoto ni 114, na haihitaji fedha ya kupigia.

Tatu, asiguswe mtu kwa tuhuma. Sheria yetu si legelege. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 319, humpa atiaye moto jengo kwa kusudi kifungo kinachoweza kufika maisha, na kujaribu tu kwaweza kuleta miaka 14. Atiaye moto mazao shambani naye hana pa kujificha. Na ikiwa mtu ni mgonjwa wa akili, serikali ina hospitali ya Mirembe huko Dodoma, pamoja na Isanga kwa wale waliotenda jinai katika ugonjwa wao. Anayemwua mtuhumiwa ameua mtu, na pia ameua ushahidi. Na kama mtia moto wa kweli yuko katika umati ule, amemrudisha nyumbani akicheka.

Nne, jamaa wawe na ujasiri. Hapa twataka kumkumbuka baba mmoja wa jimbo la Washington, Marekani. Tangu Agosti 1992 moto ulizuka mara kwa mara katika mji wa Seattle na miji ya jirani, nyumba na makanisa yakaungua. Polisi walipotangaza maelezo ya mtu wanayemtafuta, pamoja na picha yake ya kuchorwa, baba huyo alimtambua mwanawe, Paul Keller. Hakumficha. Alikwenda kusema, na mapema mwaka 1993 moto ule ukakoma. Twajaribu kufikiri njia aliyopita mzee yule kutoka kitini pake mpaka kwa polisi, na ulimi wetu wakosa maneno. Kuna mapenzi yanayomficha mtoto, na kuna mapenzi yanayomzuia asiue. Ya pili ni mazito zaidi.

Tano, na hili ndilo twalolisema kwa sauti kubwa kuliko yote, malalamiko yasioze. Tumeona kwamba sababu inayoongoza ni kisasi, na kisasi ni kesi ambayo haikupata baraza. Mgogoro wa mpaka unaokaa miaka saba, mgawo wa dhahabu usio na maandishi, mfanyakazi aliyefukuzwa bila mshahara wake, mwanafunzi ambaye barua yake imetupwa: hizo zote ni kuni zilizokauka, na kazi ya kiongozi ni kuziondoa njiani. Kiongozi wa tawi ambaye mlango wake umefungwa kila alasiri asije akashangaa siku moja kuona moshi. Hatusemi kwamba aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kutia moto. Wadhulumiwa ni wengi nao hulala usiku bila kumchoma mtu. Twasema kwamba katika wengi hao mmoja hatalala, nasi hatumjui ni yupi. Kwa hiyo tuwasikilize wote.

Wananchi wa Shelui, na wa kila mji wa njiani ambapo mgeni hulala jirani na mgeni: hesabuni nyumba zenu, tengeni petroli na majiko, acheni njia kati ya kibanda na kibanda, na mjuane majina. Mtia moto hustawi mahali ambapo watu hawajuani. Mtu aliyeitwa kwa jina lake asubuhi, aliyeulizwa habari ya mguu wake unaouma, aliyeketishwa barazani na kesi yake ikasikilizwa mpaka mwisho, ni vigumu kwake usiku ule kuutazama mji kama rundo la nyasi.